Mizunguko 600 ilikuwa mingi mno

Mjomba wangu anasuka mota mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, tangu mimi sijazaliwa. Ukimletea pampu ya maji iliyoungua, kwanza anainusa, halafu ndiyo anauliza ilikuwa inafanya kazi gani. Likizo zangu nyingi za sekondari ziliishia kwenye benchi lake, nikihesabu mizunguko ya waya wa shaba kwa sauti huku yeye akizungusha mkono wa kifaa cha kusukia. Hesabu ikikupotea unafumua yote na kuanza upya. Kwake hakuna "kama mia mbili hivi".

Kwa hiyo siku nilipompigia kutoka ng'ambo kumwambia kwamba kazi ya kwanza niliyopewa kwenye maabara ya fizikia ni kusuka koili, alicheka mpaka akakohoa.

"Sasa hiyo mashine yenu inakula ampea ngapi?"

"Laki moja na sabini elfu hivi, Mjomba."

Akanyamaza kidogo. "Mnaendesha nini, meli?" Halafu, kwa sauti ya fundi anayemhurumia mwanafunzi: "Si mchukue klampu mita, mkabane kwenye waya, mmalize?"

Siku ile nilimjibu hovyo kwa sababu salio lilikuwa linaisha. Jibu lenyewe ni hili, na limenigharimu karibu mwaka mzima.

Mashine yenyewe inaitwa plazma fokasi. Plazma ni gesi iliyopashwa mpaka elektroni zikang'oka kwenye atomi zake, na kwa kuwa elektroni sasa ziko huru, gesi hiyo inapitisha umeme. Umeshaiona: ndiyo inayowaka ndani ya taa ya tyubu, ndiyo radi, ndiyo ile cheche inayokuumiza macho unapopita mbele ya kibanda cha wachomeleaji. Yetu ilikuwa ndani ya chungu cha chuma kisichozidi ukubwa wa ndoo, kilichofyonzwa hewa kisha kikatiwa gesi kidogo sana. Katikati kuna fimbo ya shaba, na kuizunguka kuna fimbo sita nyembamba. Chini yake kuna kapasita kubwa, kifaa cha kuhifadhi umeme na kuuachia kwa mpigo mmoja, iliyochajiwa volti 14,000.

Ukoo wa mashine hii unanifurahisha kuusimulia. Katikati ya miaka ya 1980, pale Chuo Kikuu cha Malaya mjini Kuala Lumpur, Profesa Sing Lee alibuni mashine rahisi ya aina hii makusudi kwa ajili ya vyuo vya nchi zisizo na fedha. Ilisaidiwa na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa na kile kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na mwanafizikia wa Pakistani Abdus Salam, na watu walifundishwa kuiunda wenyewe badala ya kuletewa kwenye sanduku. Ni kapasita moja ya mikrofaradi 30, swichi moja ya cheche na pampu ya kufyonza. Nishati yote ni kama jouli 3,000, yaani ile unayoitumia kupandisha mfuko wa saruji wa kilo 50 mita sita juu. Haiwezi hata kukuvuguzia kikombe cha chai kikashtua ulimi.

Siri iko kwenye muda. Mfuko ule wa saruji unaupandisha kwa dakika nzima, ukipumzika njiani. Hapa kazi yote inakwisha ndani ya mikrosekunde chache (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde), na ndiyo maana mkondo unafika laki na zaidi, mara tano au sita ya radi ya kawaida. Mkondo unaanza kama utando wa plazma kwenye kioo kilichovikwa shina la ile fimbo ya katikati. Usumaku wa mkondo wenyewe unausukuma utando huo kupanda kuelekea ncha, na baada ya mikrosekunde tatu hivi unafika mwisho wa fimbo na kujifinya kuelekea katikati kama mdomo wa mfuko unapovutwa kamba. Mfinyo huo hudumu sehemu ndogo sana ya mikrosekunde. Ukiwa umetia gesi ya deuteri, yaani haidrojeni nzito, zinatoka nyutroni, dalili kwamba viini vya atomi vimeungana. Hapo ndipo watu wote wa maabara wanapotaka kufika.

Utajuaje kama mfinyo umetokea? Dirisha dogo litakuonyesha mwanga tu, na mwanga upo hata pasipo mfinyo. Njia ya kwanza ya kujua ni mkondo wenyewe. Plazma inapojifinya ghafla, njia ya umeme inakuwa nyembamba ghafla, na umeme uliokuwa ukitiririka kwa raha unakutana na upinzani wa ghafla wa kisumaku. Mkondo unashuka, kama mtu aliyekanyaga pembeni ya shimo akajishika. Kile kishimo kidogo kwenye mchoro wa mkondo ndicho kila mtu anachokitafuta. Kwa hiyo kuupima mkondo hakukuwa kazi ya kumpa mgeni ajishughulishe. Ndiko kulikosema kama mashine imefanya kazi au imepiga kelele tu.

Sasa turudi kwenye klampu mita. Taya zake zina chuma ndani, na chuma kinakusanya usumaku wa mkondo na kuuongoza kwenye koili ndogo. Lakini chuma hushiba. Kikifikia kiwango fulani hakipokei tena, hata ukiongeza mkondo mara mia. Isitoshe, ile ya Mjomba imetengenezewa umeme wa gridi, unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Wetu ulikuwa unapanda, unashuka na kugeuka ndani ya mikrosekunde 12. Ukiibana klampu mita pale, kama ingesalimika, ingekuonyesha sifuri kwa utulivu kabisa.

Dawa ni kuondoa chuma. Suka waya kwenye kitu kisicho na usumaku, mpira au plastiki, kisha uukunje uwe pete inayozunguka njia ya mkondo bila kuigusa. Mwingereza Arthur Chattock aliutumia mpangilio wa namna hii mwaka 1887, na mwaka 1912 Wajerumani Walter Rogowski na Steinhaus wakaandika jinsi ya kuutumia vizuri, ndiyo maana hadi leo unaitwa koili ya Rogowski. Jina la Chattock limebaki kwa wapenda historia. Hewa haishibi, kwa hiyo koili hii inapima ampea elfu moja na ampea milioni moja kwa uaminifu uleule. Ile mashine kubwa ya kuunganisha viini vya atomi inayojengwa Cadarache, Ufaransa, ITER, imesanifiwa kubeba mkondo wa ampea milioni 15 ndani ya plazma yake, na hata huko ukoo huu wa koili umo.

Jambo moja kuhusu koili hii liliniteka tangu siku ya kwanza: haijali mkondo umepita wapi ndani ya pete. Upite katikati, uegemee upande, upige kona, jumla ni ileile, mradi mizunguko imepangwa kwa nafasi sawa pande zote. Kwa plazma, ambayo haikai sehemu moja, hiyo ni neema. Na nafasi sawa ndicho kitu nilichofundishwa Gerezani.

Nikachukua mpira mwembamba wa milimita nne, mfano wa ule wa dripu hospitalini, urefu wa sentimita 60. Nikausuka usiku mmoja, nikihesabu kwa sauti peke yangu kama mwendawazimu. Mizunguko 600, imebana, haina pengo hata la kupitisha unywele. Mjomba angeipiga picha. Asubuhi nikaipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa fundi mkuu wa maabara, mtu wa maneno machache. Akaigeuzageuza, akasema ni koili nzuri kuliko zote alizowahi kuona mtu mpya akisuka. Kisha akanipa kalamu, akaniambia nipige hesabu ya volti zitakazotoka.

Koili hii haikupi mkondo. Inakupa kasi ya mkondo kubadilika. Mfano wa mtoni: haikwambii kina cha maji, inakwambia yanapanda au yanashuka haraka kiasi gani. Mwanzoni mwa kila shoti, yaani kila tunapoiachia kapasita, mkondo wetu ulikuwa unapanda kwa kasi ambayo, kama ingeendelea sekunde nzima, ungefikia ampea zaidi ya bilioni mia moja. Nikaingiza kwenye hesabu mizunguko yangu 600 na unene wa mpira. Nikapata volti 2,000. Osiloskopu yetu, kifaa kinachochora volti kwenye skrini, ilivumilia mia chache, tena kwa kusitasita.

Gerezani, mizunguko mingi iliyobana ni ustadi. Pale ilikuwa njia ya kuunguza kifaa cha gharama. Na kuna kasoro nyingine niliyokuja kuielewa baadaye: koili ndefu yenye mizunguko mingi ina mtikisiko wake yenyewe, kama nyuzi ya gambusi. Ukiipiga kwa haraka inalia sauti yake badala ya kukupa ya kwako. Kwa mambo ya kasi, mizunguko michache ni bora. Nikasuka nyingine ya mizunguko 60, nikipima kila nafasi kwa rula, milimita 10 kwa 10. Ilionekana kama kazi ya mtoto wa chekechea.

Halafu kuna ujanja ambao usipoambiwa hutaubuni. Ukishazungusha waya wako mpaka mwisho, huchukui ncha mbili ukaondoka. Lazima ncha ya mwisho irudi kupitia ndani ya mpira hadi ilipoanzia. Sababu ni kwamba koili nzima iliyokunjwa ni pete moja kubwa pia, na pete hiyo itanasa usumaku wowote unaopita uwanjani, usiohusiana na mkondo wako. Waya wa kurudi unatengeneza pete ya pili inayokwenda kinyume, na mbili hizo zinafutana. Kuupitisha kwenye tundu la ule mpira kulinichukua mchana mzima na maneno ambayo mama yangu hakunifundisha.

Kapasita ilichelewa wiki kadhaa bandarini (ndiyo, na huko pia). Nikahamishiwa kwa muda chumba cha pili, ambako mkondo wa plazma ulipimwa kwa namna iliyo kinyume kabisa: kwa kuugusa.

Huko kulikuwa na mtungi wa kioo wenye gesi ya agoni inayong'aa zambarau hafifu, na ndani yake probu ya Langmuir. Ukiitazama ni kichekesho: waya wa tungsteni mwembamba kuliko njiti ya kiberiti, umevikwa kauri, na ncha ya milimita tano tu ndiyo iliyo wazi. Irving Langmuir, aliyekuwa akifanya kazi General Electric kule Schenectady, New York, ndiye aliyeifanya iwe kifaa cha kuaminika katika miaka ya 1920 pamoja na Harold Mott-Smith. Ni huyuhuyu Langmuir aliyeipa plazma jina lake mwaka 1928. Mott-Smith alisimulia miaka mingi baadaye kwamba gesi ile, jinsi ilivyobeba elektroni na ayoni (atomi zilizong'olewa elektroni), ilimkumbusha Langmuir jinsi utegili wa damu, kwa Kiingereza "plasma", unavyobeba chembe zake. Mwaka 1932 Langmuir alipata Nobel, lakini ya kemia, kwa mambo mengine kabisa.

Kazi ya probu ni kuuliza swali moja kwa volti tofauti. Unaipa ncha volti hasi sana: elektroni zinafukuzwa, ayoni zinakuja, nawe unasoma mkondo mdogo wa ayoni peke yake. Unapandisha volti kidogo kidogo: elektroni zenye nguvu zaidi zinaanza kupenya, kisha za wastani, kisha zote, na mkondo unapaa, kwa sababu elektroni ni nyepesi na zina mbio mno. Mahali fulani katikati, idadi ya ayoni na elektroni zinazofika inalingana na mkondo unakuwa sifuri. Sifuri hiyo haina maana kwamba hakuna kinachotokea. Kutokana na jinsi mchoro unavyopaa unapata joto la elektroni.

Kwetu joto hilo lilitoka digrii zaidi ya 20,000. Niliweka kiganja kwenye kioo, kilikuwa vuguvugu. Elektroni zina joto hilo kweli, ila ni chache na nyepesi kiasi kwamba hazina cha kukuunguzia.

Na mkondo wa ayoni? Mikroampea 17. Niliandika namba hiyo kwenye daftari, kisha pembeni yake nikaandika 170,000, mkondo tuliotegemea chumba cha kwanza. Ya pili ni mara bilioni kumi ya ya kwanza. Ukuta mmoja katikati, na pande zote mbili tunaita "kupima mkondo".

Probu ina ugonjwa wake: ni mgeni anayebadilisha mazungumzo kwa kuingia tu. Plazma hujikinga nayo kwa kuizungushia ala, kama ala ya kisu, tabaka jembamba ambalo kwetu lilikuwa kama sehemu ya kumi ya milimita. Unachokipima ni kile kilichofaulu kupita kwenye ala hiyo. Ukiwa na tamaa ukaipandishia volti mno, inavuta elektroni nyingi kuliko plazma inavyoweza kutoa bila kuyumba, na ncha inaanza kuwa nyekundu. Nimeyeyusha mbili. Kwenye ile mashine ya mfinyo isingefika hata hapo. Ingegeuka mvuke na kuichafua plazma yenyewe. Kwa maoni yangu probu ya Langmuir ndiyo kipimo rahisi kuliko vyote kutengeneza na kigumu kuliko vyote kukiamini. Nimesoma tasnifu zenye kurasa arobaini za namba za probu, na hakuna mahali mwandishi amesema ncha yake ilikuwa safi au ina masizi.

Kapasita ilifika. Tukapiga shoti ya kwanza: mlio kama mlango wa chuma uliobamizwa, na kwenye osiloskopu likatokea wimbi zuri, na juu yake, kwenye mikrosekunde ya tatu, mwiba mkali unaoelekea chini. Kasi ya mkondo imeporomoka ghafla. Mfinyo! Shoti ya pili, mwiba. Ya tatu, mwiba. Nilipiga picha skrini, nikaituma kwa kila mtu niliyemjua, pamoja na watu wasiojua hata plazma ni nini.

Yule mama akaja, akatazama, akauliza swali moja.

"Umeigeuza?"

Sikuelewa. Akalegeza koili, akaitoa, akaipindua upande wa juu ukawa chini, akaifunga tena. Mkondo ni uleule ila koili sasa inautazama kutoka upande wa pili, kwa hiyo kila kilicho cha kweli lazima kipinduke: kilichokuwa juu kiwe chini. Tukachaji, tukapiga.

Wimbi lilipinduka. Mwiba haukupinduka. Ulibaki palepale, ukielekea chini kama mwanzo.

Mtu asiyebadilisha maneno hata ukimgeuzia swali, hakuwa anakusikiliza tangu mwanzo. Mwiba wangu haukutoka kwenye mkondo. Volti 14,000 zinapoachiwa ghafla, kila kipande cha chuma chumbani kinaruka volti kwa namna yake, na koili yangu, ambayo haikuwa na ngao, ilirukaruka nayo nzima nzima, bila kujali imesukwa kwa kuelekea wapi. Nilibaki nimeshika simu, nikihesabu ni watu wangapi nimewatumia ile picha.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kutafuta. Nikavika koili karatasi ya shaba, nikiacha mwanya mwembamba kuizunguka ili ngao isije ikawa yenyewe pete iliyofungwa na kuzuia usumaku tunaoutaka. Kebo nikaipitisha ndani ya bomba la shaba. Mwiba ukapungua nusu, haukuondoka. Mwishowe tulizima taa zote, tukafunika dirisha la chungu kwa kitambaa cheusi, tukapiga shoti gizani huku kila mmoja akitazama kona yake kwa umbali. Kijana wa kona ya pampu akapiga kelele. Kati ya bomba la chuma la pampu na kiti chake kulikuwa kunaruka cheche ndogo ya buluu kila shoti. Mashine ilikuwa na njia mbili za kwenda ardhini badala ya moja, na ya pili ilikuwa inavuka hewani. Tukakata bomba, tukaunga kipande cha plastiki katikati.

Mwiba ukatoweka. Na pamoja nao, mfinyo wangu wote. Wimbi likabaki laini kama mgongo wa kobe, shoti baada ya shoti.

Hapo ndipo nilipoambiwa jambo ambalo lingeniepusha na aibu kama ningeambiwa mapema: kioo cha pale shinani kilikuwa kipya, na kioo kipya hakianzishi utando vizuri mpaka kizoee. Hakuna dawa ila kupiga shoti za bure. Tukatumia muda huo kuipa koili namba zake. Unatia gesi nyingi hadi utando ushindwe kusonga, mashine inakuwa kapasita inayotikisika tu, na kwa kujua ukubwa wa kapasita, volti ulizochaji, muda wa mtikisiko na jinsi unavyofifia, unapiga hesabu mkondo wa kilele pasipo kumuuliza mtu. Tulipata karibu ampea laki mbili. Volti za koili ukiziweka kando ya namba hiyo, unajua volti moja ni ampea ngapi.

Kwenye shoti ya thelathini na kitu, gesi ikiwa imerudishwa kiwango chake, kishimo kidogo kikatokea. Nikawa wa kwanza kushika bisibisi. Nikapindua koili, tukapiga tena, na mara hii mwiba ulipaa juu.

Likizo iliyofuata nilirudi nyumbani na ile koili ya kwanza, ya mizunguko 600, nimeifunga kwenye soksi ndani ya begi. Nilitaka Mjomba aione kwa macho. Aliipokea, akaipitishia kidole gumba kwa urefu wote akitafuta pengo, akakosa. Nikaizungusha kwenye waya mmoja wa mota ya kinu iliyokuwa mezani, nikaunganisha mita yake, akaiwasha mota. Ampea 40 zilipita, na koili ikatoa volti 0.0002, chini ya kile mita ile inachoweza kusoma. Umeme wa mara 50 kwa sekunde kwake ni kama umelala. Mjomba akachukua klampu mita, akabana palepale, ikaandika 40 kabla hajaushusha mkono.

"Kwa hiyo hii," akasema, akiinyanyua koili yangu kwa vidole viwili, "kule ilikuwa inatoa nyingi mno, na hapa haitoi kitu."

"Ndiyo, Mjomba."

Akaitundika kwenye msumari juu ya benchi, kati ya kalenda na koili mbovu anazoziweka kwa ajili ya kuuza shaba, akaniambia nishike upande wa pili wa ile mota tuiteremshe, mwenyewe anakuja saa kumi.